Mwaka Kogwa wa Makunduchi: maswali ambayo wageni hawaachi kuyauliza

Kila ukikaribia mwezi wa Julai, simu za watu wa kusini mwa Unguja huanza kulia. Jamaa wa Dar es Salaam, rafiki wa Mombasa, mpwa aliyehamia Muscat, wote wana maswali yale yale. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Yanayohusu safari tumeyajibu kwa kifupi. Yanayohusu mila yenyewe yametuchukua maneno mengi zaidi, maana ndiyo yanayopotoshwa sana.

Mwaka Kogwa ni nini hasa?

Ni mwaka mpya wa watu wa Makunduchi, kijiji kikubwa kilicho kwenye ncha ya kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja. Hauhusiani na Januari, wala na Muharram. Ni mwaka wa jua, wa hesabu ya Nairuzi (mwaka mpya wa Kiajemi, yaani wa Iran), ambao mabaharia na wakulima wa pwani hii wameutumia kwa karne nyingi. Mwaka uliopita huoshwa kwa maji ya bahari, ugomvi wake ukamalizwa uwanjani, shari yake ikachomwa moto, kisha watu wakala na kucheza ngoma. Sherehe huchukua mpaka siku nne, lakini uzito wote uko siku ya kwanza.

Tuliseme mapema: hii si shoo. Jukwaa la viongozi huwekwa, kamera huja, hotuba hutolewa, lakini hata lori la maspika lisingefika kijijini, Makunduchi wangeuoga mwaka wao vile vile. Atakayekuja akilijua hilo hatachukia ratiba ikichelewa.

Unaangukia tarehe ngapi?

Julai, kwa kawaida katikati ya mwezi au wiki yake ya tatu. Tarehe kamili ni ya wazee wa kijiji wanaoshika hesabu, na hutangazwa siku zikikaribia. Kuna wanaokata tiketi ya ndege kwa tarehe waliyoiona mahali miaka iliyopita, wakafika sherehe imeshakwisha au bado. Muulize mtu wa Makunduchi, au piga simu kwa ofisi za utalii Zanzibar mwanzoni mwa Julai, kisha ujiachie nafasi ya siku mbili kabla na mbili baada.

Nairuzi ya Iran iko Machi. Yenu imefikaje Julai?

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye hesabu. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Mwaka wa zamani wa Kiajemi ulikuwa na siku 365 kavu, bila siku ya nyongeza. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne hivi, mwaka mpya unarudi nyuma siku moja ukiulinganisha na majira. Kwa miaka mia moja zinakuwa siku 24.

Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, walirekebisha kalenda ya Uajemi na kuifunga Nairuzi kwenye mwanzo wa machipuko, mwezi Machi. Waliokuwa mbali na marekebisho hayo waliendelea na hesabu ya zamani. Sasa chukua kalamu: kutoka 1079 mpaka leo ni zaidi ya miaka 940, na kwa karibu robo siku kila mwaka unarudi nyuma siku 229 hivi. Ukizitoa siku hizo kutoka Machi 21 utaangukia siku za mwanzo za Agosti, si mbali na Julai yetu. Waparsi wa India nao walibaki na mwaka usio na siku ya nyongeza, na wengi wao husherehekea mwaka mpya katikati ya Agosti. Hakuna aliyekosea. Ni watu walioachana njiani, kila mmoja na saa yake mkononi.

Ina maana watu wa Makunduchi wametoka Shirazi, kule Iran?

Wazee wengi wa kusini watakwambia hivyo, na Ushirazi ni nasaba inayotajwa kwa fahari kutoka Tumbatu hadi Kilwa. Wanahistoria ni wagumu zaidi kukubali. Wanaona kwamba majina, kalenda na maneno ya Kiajemi yangeweza kufika na merikebu za biashara bila ya watu wengi kuhama. Ahmad bin Majid, yule nahodha Mwarabu wa karne ya 15, alihesabu misimu ya kusafiri kwa siku za Nairuzi, na hakuwa Mwajemi. Kalenda ilikuwa chombo cha kazi katika Bahari ya Hindi nzima. Sisi tunaona kwamba yaliyomo ndani ya sherehe, yaani kibanda kinachochomwa moto, mapigano na nyimbo, yana asili ya hapa hapa zaidi ya asili ya ng'ambo. Lakini usiende kubishana na mzee wa watu juu ya babu yake siku ya sikukuu.

Hesabu hiyo ina kazi nyingine zaidi ya sherehe?

Ina, au tuseme ilikuwa nayo kubwa. Kutoka siku ya mwaka, siku huhesabiwa kwa makumi, na kila kumi ni mwongo. Miongo ni 36, inafanya siku 360, na zinazobaki tano hukamilisha mwaka. Mkulima aliyejua yuko mwongo gani alijua kama ni wakati wa kufyeka, kupanda au kungoja. Mvuvi alijua upepo wa Kusi unakatika lini na wa Kaskazi unaingia lini.

Kalenda ya Kiislamu haiwezi kazi hiyo kwa sababu ni ya mwezi: Ramadhani leo iko kwenye jua kali, miaka michache mbele iko kwenye vuli. Ndiyo maana watu wa pwani walikuwa na kalenda mbili bila taabu, moja ya ibada na moja ya jembe na tanga. Vijana wa leo wana kalenda kwenye simu. Wazee wanaoweza kukutajia mwongo bila kufikiri wamepungua, na hilo linatuuma kuliko kupungua kwa ngoma.

Siku yenyewe inakwendaje?

Kabla ya siku, nyumba husafishwa na ua ukafagiliwa. Waliotawanyika hurudi: mjini, Bara, Pemba. Ukipita Makunduchi usiku wa kuamkia mwaka utasikia milango ikigongwa na watu wakisalimiana kwa majina ya utotoni.

Alfajiri watu huteremka baharini kukoga. Hii ndiyo sehemu ambayo mgeni huikosa, kwa sababu hakuna anayekuja kumwamsha. Kisha ni nguo mpya. Mabinti na mama zao wanatoka na kanga na magauni ambayo fundi ameshona wiki nzima. Wanaume wengine wanafanya kinyume kabisa: wanavaa mashati yaliyochakaa, masweta, makofia ya kila namna, na wapo wanaovaa nguo za kike ili kuchekesha. Hao ndio wapiganaji.

Mchana umati unajaa uwanjani. Wanakuja kwa makundi, wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini wa kijiji, wakiimba na kutambiana, kila mmoja na kigogo cha mgomba mkononi. Wanapigana. Vumbi likitulia, wazee wa mila wanakwenda kwenye kibanda kidogo cha makuti kilichojengwa kwa ajili hiyo, na kinachomwa. Wanawake wanazunguka wakiimba. Halafu kila mtu anakwenda kula, na usiku ni wa ngoma na taarabu, ingawa siku hizi maspika ya vijana yanaimeza ngoma. Hatutajifanya kwamba tunalipenda hilo.

Usitegemee saa. Ukiambiwa "baada ya adhuhuri", njoo na subira, maji ya kunywa na mwavuli.

Wanapigana kweli?

Wanapigana kweli, ila kigogo cha mgomba ni laini na kimejaa maji, kinapasuka kabla ya kumvunja mtu. Zamani zilikuwa fimbo. Mtu akipigwa cha mgongo atakikumbuka usiku, lakini ataamka mzima. Wazee wapo pembeni na wanaamulia.

Maana yake ni hii: katika mwaka mzima watu wa kijiji kimoja hukosana. Kuna mpaka wa shamba, kuna mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, kuna posa iliyokataliwa, kuna neno lililosemwa msibani. Mengine yalifika kwa sheha na hayakwisha. Siku hii unampiga uliyekuwa na kinyongo naye, naye anakupiga, mbele ya kadamnasi, na baada ya hapo ni haramu kulirudia jambo hilo. Mnapeana mikono. Kuna watu waliokwepana tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ambao jioni ya mwaka wanakula sinia moja. Je, vinyongo vyote huisha? Hapana, binadamu ni binadamu. Lakini anayekataa kupeana mkono siku hiyo ndiye anayebaki na lawama, na kijiji kizima kimemwona.

Mimi mgeni naweza kuingia kupigana?

Kuna wageni wanaoingia, na vijana huwakaribisha kwa kicheko. Ushauri wetu: usiingie. Huna kinyongo na mtu hapo, na ukipigwa ukakasirika umeharibu siku ya watu. Kama umealikwa na wenyeji wako na una hamu isiyozuilika, acha miwani na simu kwa mtu.

Na yule anayeingia kwenye kibanda, haungui?

Hapana. Kibanda ni cha makuti makavu na kina njia ya nyuma. Mzee wa mila au mtu aliyeteuliwa huingia, moto ukawashwa, naye akachomoka na kukimbilia vichakani huku watu wakirusha madongo kuelekea kibandani. Inapendeza kuona, na moyo unadunda hata kwa aliyezoea.

Wenyeji watakueleza kwamba moto huu unachukua nafasi ya ajali ya moto ya mwaka unaokuja: nyumba yoyote ikija kuungua, waliomo watoke salama kama yule alivyotoka. Kumbuka hiki ni kijiji ambacho kwa vizazi kiliezekwa kwa makuti, na upepo wa Kusi hauna mchezo. Wapo pia wanaoutazama moshi unaelekea wapi na kusoma humo habari za mwaka. Tusimame hapo. Mengine wanayosema wazee mbele ya kibanda ni yao, na hayahitaji kuandikwa.

Wanawake wanaimba nini?

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, na ndipo mgeni asiyejua lugha anapoachwa nje. Wanaimba mapenzi, wanaimba wanaume wavivu, wanaimba mke mwenza, wanaimba jirani mwenye roho ya korosho. Jina halitajwi, lakini anayeimbwa anajua na majirani wanajua. Beti zinatungwa palepale, moja ikijibiwa na nyingine. Kama wanaume wanatoa yao kwa migomba, wanawake wanatoa yao kwa mafumbo, na tukiulizwa nani anapiga zaidi tunajua jibu.

Kaa karibu na bibi wa makamo, mwombe akufafanulie. Atacheka kwanza. Baadhi ya beti hatakufafanulia mbele ya watoto.

Si ushirikina huu? Uislamu unasemaje?

Makunduchi ni Waislamu, misikiti imejaa, na swali hili wanaulizana wenyewe kabla hujaja wewe. Wapo masheikh wanaosema wazi kwamba Muislamu ana idi mbili tu na kwamba ya kibandani hayana nafasi. Wapo wanaojibu kwamba ni mila na desturi, hakuna anayeabudiwa, na dua zinazosomwa ni za Mwenyezi Mungu. Na wapo wengi, pengine wengi kuliko wote, ambao wanapika, wanavaa, wanapokea wageni, na kibandani hawafiki. Nyumba moja inaweza kuwa na wote watatu. Ukialikwa kwenye nyumba kama hiyo, kula wali na usiwe mwamuzi.

Ni Makunduchi peke yake?

Hapana, ingawa Makunduchi ndiko kulikovuma. Siku ya Mwaka inajulikana Tumbatu na Pemba, na Mombasa wazee wa Mji wa Kale wameienzi. Kwenye visiwa vya Lamu kuna mila ya kuzinguka ng'ombe, yaani kumzungusha ng'ombe mji mzima kwa dua kisha kumchinja, nyama ikaliwa sadaka, ili mji ukingwe na balaa. Mapigano ya migomba ndiyo yanayowavuta wapiga picha, basi Makunduchi ikapata jina na wengine wakabaki na sadaka zao kimya kimya.

Na Tamasha la Kizimkazi ni hili hili?

Silo. Hilo kwa kawaida hufanyika Agosti, kijiji cha jirani, na ni tamasha la kisasa la maendeleo na burudani linalohusishwa na Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye alikuwa mbunge wa Makunduchi kuanzia 2010 hadi 2015. Watu wanachanganya kwa sababu ni mkoa mmoja na msimu mmoja.

Nitafikaje?

Kutoka Dar es Salaam, boti ya kasi inachukua saa mbili hivi. Beba kitambulisho, kinaangaliwa. Kutoka Mjini Unguja mpaka Makunduchi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari dogo, zaidi kwa daladala. Daladala ya Makunduchi ni namba 310. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa, kwa hiyo uliza siku hiyo inaondokea wapi. Siku ya mwaka zinajaa mapema na jioni za kurudi ni chache, basi panga usafiri wa kurudi kabla hujaondoka. Kama uko Paje au Jambiani, uko karibu.

Jamaa wa nje ya nchi wajue kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Watanzania haiwahusu.

Nilale wapi?

Makunduchi yenyewe ina nyumba chache za wageni. Wengi hulala Jambiani, Paje au Kizimkazi. Lakini ukiwa na mwenyeji, hata wa kujuana kwa mbali, lala kwake. Kuna imani ya zamani kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka imepungukiwa na kheri, kwa hiyo hutakuwa mzigo. Utapigiwa kelele ukitaka kuondoka.

Nibebe nini nikialikwa?

Sukari, mchele, mafuta ya kupikia, kanga kwa mama mwenye nyumba. Pesa taslimu mkononi mbele ya watu hapana. Kama unataka kusaidia, mpe mama pembeni.

Nitakula nini?

Wali wa nazi, samaki, pweza wa nazi, kuku wa kienyeji, mikate ya aina aina, mihogo. Ardhi ya kusini ni ya mawe, watu wanalima kwenye vishimo baina ya majabali, kwa hiyo chakula cha shamba hapa kina jasho zaidi kuliko unavyodhani. Usiseme "nimeshiba" baada ya vijiko vitatu. Pombe usije nayo kabisa.

Nivae nini?

Wanawake: mabega na magoti yafunikwe, na ukiwa na kanga ya kujitanda umemaliza. Wanaume: suruali au kikoi. Bukta za pwani zibaki pwani. Huna haja ya kuvaa baibui kama si vazi lako.

Picha zinaruhusiwa?

Uwanjani, mapigano na kibanda, ndiyo, kila mtu anapiga. Wanawake wanaoimba, omba kwanza, na ukikataliwa shusha simu. Watu wanaokoga alfajiri, hapana. Kurusha droni kunataka kibali cha serikali na kunatibua kila kitu, hata ukiwa nacho.

Kuna kiingilio?

Ni kijiji cha watu, si uwanja wa mpira. Akitokea kijana anakuuzia tiketi barabarani, mwambie ahsante na uendelee na safari.

Hali ya hewa ikoje?

Julai ni kipupwe: baridi ya pwani, mvua chache, Kusi linavuma. Usiku beba kitu cha kujifunika. Upepo huo huo unafanya mkondo wa bahari baina ya Dar na Unguja uchafuke, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi ameze dawa ya kichefuchefu mapema. Upande wa mashariki maji yakitoka yanatoka mbali sana, unaweza kutembea kwenye mchanga na mwani bila kufika panapoogeleka. Uliza bamvua na maji mafu (siku za maji makubwa na madogo) kabla ya kupanga kuogelea.

Nikibaki siku mbili tatu zaidi, nione nini?

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kwanza kabisa. Una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu katika pwani hii, na bado panasaliwa, kwa hiyo vua viatu na uulize kabla ya kuingia. Njiani ukirudi mjini kuna msitu wa Jozani na kima punju, wanaopatikana Zanzibar tu. Na kwenye fukwe za mashariki utawaona akina mama wakilima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989. Waliojenga nyumba za matofali kwa fedha ya mwani ni wengi, ingawa bei yake hupanda na kushuka na kazi inaumiza mgongo.

Naweza kuja na watoto?

Njoo nao. Watoto wa Makunduchi wenyewe ndio wanaofaidi zaidi: nguo mpya, vibanda vya barafu na chipsi, na ruhusa ya kurandaranda hadi usiku. Wakati wa mapigano wasimame nyuma na mtu mzima, upande ambao upepo hauwaletei moshi wa kibanda. Na wafundishe kabla hamjafika kuwaamkia wazee "shikamoo". Kwa hilo watapewa kashata nyumba nne tano kabla hamjaufikia uwanja.